Kipimo Kwanza, Nguvu Baadaye

Mwalimu anapofungua daftari la mwanafunzi na kukuta hesabu nyingi zimekosewa, jambo la kwanza linalomjia akilini aghalabu ni kuongeza kitu. Huongeza mazoezi, huongeza sauti, huongeza kipindi cha ziada baada ya masomo, na wengine, kwa bahati mbaya, huongeza viboko. Makala haya yanashikilia kwamba kuongeza kabla ya kupima ni kosa la mbinu, na kwamba kosa hilo huweza kumdhuru mtoto hata pale mwalimu anapokuwa na nia njema kabisa. Mwalimu hana budi kwanza kujua kosa linatoka wapi, ndipo aamue atumie nguvu kiasi gani na aielekeze wapi.

Ili kulieleza jambo hili, nitawapeleka wasomaji mbali kidogo na darasa, hadi karakana yenye mashine kuukuu ya kuchonga chuma. Mashine hiyo imeondolewa mitambo yake ya zamani ya uongozi, ikafungwa mota za sevo na kompyuta, kisha ikakataa kutii. Wanachuo wanaojiandaa kufundisha Darasa la Tatu huenda wakauliza mashine ya namna hiyo inawahusu nini. Inawahusu kwa sababu ndani yake mna utaratibu uleule ambao mwalimu huufuata kila siku: kutoa agizo, kutazama kilichotokea, kulinganisha, na kusahihisha. Katika mashine, utaratibu huo ukiharibika matokeo huonekana katika sekunde moja, tena kwa kishindo. Darasani huchukua miaka, na kishindo chake hakisikiki.

Mashine inayoulizwa imefika wapi

Mota ya kawaida, kama ile ya feni, hupewa umeme ikazunguka. Hakuna anayeiuliza imezunguka mara ngapi. Mota ya sevo huulizwa daima. Nyuma yake hufungwa kifaa kiitwacho enkoda, ambacho kazi yake ni kuhesabu mzunguko. Katika enkoda nyingi mna kisahani chenye mistari myembamba, na taa ndogo humulika kupitia mistari hiyo. Kisahani chenye mistari 1000 huweza kutoa alama 4000 katika mzunguko mmoja, kwa kuwa enkoda ina macho mawili yaliyopishana kidogo, na kila mstari unapopita huhesabiwa mara nne. Kupishana huko kwa macho ndiko pia kunakoijulisha kompyuta kama mota inakwenda mbele au inarudi nyuma. Ikiwa mota imeunganishwa, mzunguko kwa mzunguko, na skrubu ndefu inayosogeza meza ya mashine milimita 5 kila inapozunguka mara moja, basi alama moja ni sawa na milimita 5 kugawanya kwa 4000, yaani milimita 0.00125. Hesabu yenyewe ni ya shule ya msingi, na usahihi wa kazi yote unaitegemea.

Kazi huendelea hivi. Kompyuta huamuru meza iwe mahali fulani. Enkoda hujibu kwamba meza iko mahali fulani. Kompyuta hutoa tofauti kati ya mawili hayo, na tofauti hiyo ndiyo kosa. Kosa likiwa kubwa, hupeleka volti nyingi kwenye kiendeshi, yaani kile kisanduku kinachoilisha mota umeme. Kosa likipungua, hupunguza volti. Kosa likiwa sifuri, mota hutulia. Katika mitambo mingi ya leo ulinganisho huo hufanywa mara 1000 au zaidi kwa sekunde. Taarifa inayotoka kwenye enkoda na kurudi kwenye kompyuta huitwa mrejesho.

Fikra hii si ngeni duniani. James Watt aliitumia mwaka 1788 alipofunga kidhibiti mwendo cha mipira inayozunguka kwenye injini ya mvuke. Neno sevo lina asili ya Kilatini, lenye maana ya mtumwa au mtumishi. Mfaransa Farcot alilitumia katika kitabu chake cha mwaka 1873. Na mwaka 1952 wahandisi wa chuo cha MIT, katika jimbo la Massachusetts, Marekani, walionyesha hadharani mashine ya kuchonga chuma inayoongozwa kwa namba. Chimbuko la kazi hiyo lilikuwa wazo la John T. Parsons wa Michigan, ambaye alikuwa akitengeneza mapanga ya helikopta. Yafaa kukumbuka kwamba mashine ile haikuundwa upya kutoka mwanzo: ilikuwa mashine ya kawaida ya Cincinnati iliyobadilishwa. Hadi leo fundi mwenye kompyuta ya kawaida na programu huria kama LinuxCNC anaweza kuifufua mashine ambayo chuma chake bado ni kizima ingawa vifaa vyake vya kielektroniki vimekufa.

Mrejesho uliopinduka

Tuseme fundi amemaliza kufunga kila kitu. Anawasha umeme, anabonyeza kitufe cha kuruhusu mota, na papo hapo meza inaruka upande mmoja kwa kasi yote mpaka swichi ya ulinzi iizime. Hakuna aliyeiamuru isogee. Fundi mchanga atasema mota ni mbovu. Mwenzake atasema kompyuta ndiyo mbovu. Mara nyingi hakuna kilicho kibovu kati ya hivyo viwili. Nyaya za mrejesho zimepishana, basi, na enkoda inasema "nyuma" wakati meza inakwenda mbele.

Tufuate hatua kwa hatua. Meza imetikisika alama moja mbele, kama ilivyo kawaida ya mashine. Enkoda inaiambia kompyuta kwamba meza imerudi nyuma alama moja. Kompyuta, kwa uaminifu wote, inaisukuma mota mbele ili kulipa upungufu huo. Meza inakwenda mbele alama kumi. Enkoda inasema imerudi nyuma kumi. Kompyuta inasukuma kwa nguvu zaidi. Kila jitihada ya kusahihisha inalizidisha kosa.

Hapa ndipo penye fundisho kubwa. Fundi akidhani kwamba kidhibiti ni dhaifu, akakiongezea ukali wa kusahihisha, meza itaruka kwa kasi kubwa kuliko mara ya kwanza. Mota ni nzima, kiendeshi ni kizima, kompyuta inahesabu sawasawa. Kilichopinduka ni maana ya taarifa. Katika hali hiyo nguvu haiwezi kuwa dawa, kwa sababu nguvu ndiyo inayoupeleka mtambo mbali na lengo lake.

Kuligawa tatizo

Fundi stadi hakimbilii kununua vipuri. Kwanza huiweka mashine katika usalama: huvua mkanda unaounganisha mota na skrubu ili mota izunguke bila kuisogeza meza, na huhakikisha kitufe cha dharura kinafanya kazi. Kisha huuliza maswali madogo, ambayo kila moja lina jibu moja.

Swali la kwanza: je, kipimo chenyewe ni cha kweli? Umeme wa mota ukiwa umezimwa, fundi huizungusha mota kwa mkono mara moja, huku akitazama namba kwenye kioo cha kompyuta. Je, namba imefika 4000? Je, inapanda anapozungusha upande ulioitwa mbele, au inashuka? Ikiwa namba inapanda moja na kushuka moja bila kuendelea popote, yaelekea jicho moja la enkoda halisomi. Jaribio hili halihitaji kifaa chochote, wala halina hatari yoyote, lakini wengi huliruka.

Swali la pili: je, kiendeshi na mota vinatii? Viendeshi vingi vya mashine hizi hupokea amri kwa volti, kuanzia volti 10 za upande hasi hadi volti 10 za upande chanya. Fundi huchomoa waya wa amri unaotoka kwenye kompyuta, na mahali pake huweka betri moja ya tochi yenye volti 1.5. Ikiwa kiendeshi kimepangwa ili volti 10 zizungushe mota mara 3000 kwa dakika, basi volti 1.5 zitaizungusha mara 450 hivi. Akiigeuza betri, mota nayo hugeuza mwendo. Mota ikitii betri lakini ikatoroka kompyuta inaporudishwa, basi mota na kiendeshi vimeondolewa katika orodha ya washukiwa. Kosa liko kwenye mwelekeo wa enkoda au kwenye alama ya chanya na hasi ndani ya programu. Mota ikitoroka hata kwa betri, kosa limo ndani ya kiendeshi chenyewe, na hasa kwenye nyaya za ile jenereta ndogo inayokipimia mwendo wa mota. Betri ya tochi imeigawa mashine nzima nusu mbili, na nusu moja haina haja ya kuguswa tena.

Kanuni ya tatu ni kubadili jambo moja tu kwa wakati mmoja. Ikiwa nyaya za jenereta ile ndogo zimepishana, fundi anaweza kuzigeuza hizo peke yake, na mtambo ukapona. Anaweza badala yake kuzigeuza nyaya mbili za mota ya umeme mnyoofu, na mtambo ukapona pia, ila utakwenda kinyume. Lakini akizigeuza zote kwa pamoja, atarudi kulekule alikoanza, kisha ataapa mbele ya mwajiri wake kwamba nyaya si chanzo cha tatizo. Amefanya kazi mara mbili akapata ujinga mpya badala ya maarifa.

Kanuni ya nne ni kuuliza kosa hutokea lini. Meza inayokwama mahali pamoja tu katika safari yake hueleza habari ya skrubu iliyobana, au ya kebo iliyokatika ndani pale inapojikunja. Namba zinazopotea wakati tu kisu kinapoanza kuzunguka hueleza kwamba kelele za umeme wa mota ya kisu zimeingia kwenye kebo ya enkoda. Mota inayotetema ikiwa imesimama huweza kueleza kwamba kidhibiti kimepewa ukali uliozidi. Fundi huyaandika yote hayo katika daftari lake, kwa kuwa asichokiandika leo atalazimika kukitafuta tena kesho.

Enkoda imefungwa wapi?

Iko hitilafu nyingine inayostahili kutajwa peke yake, kwa kuwa inatukaribia walimu zaidi. Katika mashine kuukuu skrubu na nati yake huwa zimelika, na kati yake hubaki nafasi. Mota ikigeuza mwendo, skrubu huzunguka kidogo kabla meza haijaanza kusogea. Enkoda iliyofungwa nyuma ya mota hupima mota, haipimi meza. Kwa hiyo kompyuta huonyesha kwamba kosa ni sifuri na kazi imekamilika barabara, ilhali kipande cha chuma kikipimwa kwa kifaa kingine kina kasoro inayoonekana. Hakuna aliyedanganya. Kipimo kilifungwa mahali pasipofanyika kazi yenyewe.

Sasa tusikilize darasa. Mwalimu anamaliza maelezo yake, anauliza, "Mmeelewa?" Darasa zima linaitikia, "Ndiyooo!" Mwalimu anaendelea na mada inayofuata. Mwitikio ule ni mrejesho, tena ni wa haraka na wa kupendeza, lakini umefungwa nyuma ya mota. Unapima sauti ya darasa na utii wake. Haupimi kama Asha wa dawati la nyuma anaweza kutoa 27 katika 52. Mwalimu anayetegemea mwitikio wa pamoja ataona sifuri kwenye kioo chake mwaka mzima, na mwezi wa mtihani atashangaa. Dawa yake ni kuipeleka enkoda kwenye meza: kila mwanafunzi afanye hesabu moja katika daftari lake au kwenye kibao, na mwalimu apite akiona kwa macho yake kabla ya kusonga mbele.

Makosa yenye kanuni

Tulitazame daftari lenyewe. Mwanafunzi amepewa hesabu kumi za kutoa, akapata tano na kukosa tano. Miongoni mwa alizokosa, ameandika kwamba 52 kutoa 27 ni 35. Kwamba 64 kutoa 38 ni 34. Na kwamba 81 kutoa 46 ni 45. Miongoni mwa alizopata zimo 78 kutoa 25, ambayo jibu lake ni 53, na 96 kutoa 41, ambayo jibu lake ni 55. Mwalimu mwenye haraka ataandika "5/10, jitahidi", kisha atampa hesabu ishirini za namna hiyohiyo akafanye nyumbani.

Mtoto huyu hakukosea ovyo. Katika kila safu ya tarakimu ametoa tarakimu ndogo katika ile kubwa, iwe juu au chini. Pale tarakimu za juu zilipokuwa kubwa, kanuni yake ilimpa jibu sahihi; pale za chini zilipokuwa kubwa, ilimpotosha. Yaelekea aliwahi kuambiwa kwamba "kubwa haiwezi kutolewa katika ndogo", akalitii agizo hilo kwa bidii kuliko wenzake wote. Mwaka 1978 watafiti wa Marekani, John Seely Brown na Richard Burton, walichapisha uchunguzi wao juu ya makosa ya namna hii katika hesabu za kutoa, wakaonyesha kwamba mengi kati yake hufuata kanuni zisizobadilika, na kwamba mwalimu akiijua kanuni ya mtoto huweza kutabiri jibu lake la makosa kabla hajaliandika.

Hiyo ndiyo meza inayotoroka. Sehemu zote za mtoto ni nzima: anajua kuhesabu, anajua kutoa, ana bidii. Waya mmoja ndio umepishana. Hesabu ishirini za ziada, bila kuugeuza waya huo, ni ishirini za kuizoea njia isiyo sahihi, na bidii yake ndiyo itakayomfikisha mbali zaidi na lengo. Halafu mwalimu, akiona hali imezidi kuwa mbaya baada ya msaada wote huo, humwandika katika kundi la "wazito". Hapo ndipo hasara inapokamilika, kwa kuwa mtoto huamini alichoandikwa.

Mtoto mwingine naye amepata 5 kati ya 10, lakini makosa yake yametawanyika, na mengi yako mwishoni mwa ukurasa. Yawezekana anajua njia lakini amechoka, au ana njaa, au haoni vizuri ubaoni alikonakili. Wa tatu amekosa pale tu penye sifuri juu, kama katika 304 kutoa 126, na kwingine kote hana kasoro. Alama za watatu hao zaweza kuwa zilezile, lakini dawa zao ni tatu. Wa kwanza anahitaji vijiti na mafungu ya kumi ili aone kwa mikono yake maana ya kuchukua kumi. Wa pili anahitaji hesabu chache, mapumziko na kiti cha mbele. Wa tatu anahitaji kipindi kimoja juu ya sifuri, wala hahitaji kurudishwa mwanzo.

Sidai kwamba mtoto ni mashine. Tofauti yao ni kubwa, na inamnufaisha mwalimu. Mota haiwezi kusema. Fundi hulazimika kuitafutia betri na mita ya umeme. Mtoto husema. Ukimwita mezani ukamwambia kwa upole, "Hebu nionyeshe ulivyofanya hii," katika dakika moja atakueleza waya upi umepishana. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, nasi hulitumia neno hilo kuwahimiza wanafunzi waulize. Linamhusu mwalimu pia. Ila mtoto atajibu tu ikiwa hana hofu. Mahali ambapo kosa hulipwa kwa kiboko, mtoto hujifunza kulificha kwa kunakili kwa mwenzake, na hapo mwalimu huwa ameikata kebo ya enkoda kwa mkono wake mwenyewe.

Somo la mstari wa chaki

Mrejesho unaweza kufundishwa kwa watoto wa Darasa la Nne hadi la Saba bila mota wala kompyuta. Chora mstari mnyoofu wa chaki au majivu wenye hatua kumi na tano katika uwanja usio na mawe. Chagua mwanafunzi mmoja awe mota, umfunge kitambaa machoni. Wa pili awe enkoda na kidhibiti kwa pamoja: atatazama miguu ya mwenzake na kusema "kulia" au "kushoto" ili amrudishe mstarini. Wengine wote wana madaftari ya kuandikia wanachokiona. Mota atembee polepole, asikimbie.

Mzunguko wa kwanza, kiongozi anyamaze. Mwendaji ataelekea kupotea taratibu. Mzunguko wa pili, kiongozi aseme. Mwendaji atabaki karibu na mstari. Mzunguko wa tatu, mnong'oneze kiongozi ayapindue maneno, aseme "kulia" panapotakiwa "kushoto". Mwendaji atauacha mstari upesi, na ukimwambia achukue hatua kubwa zaidi, atauacha upesi zaidi. Mzunguko wa nne, kiongozi aseme maneno sahihi, lakini kila mara ahesabu kimoyomoyo hadi tatu kabla ya kusema. Mwendaji atayumba huku na huku kuvuka mstari, kwa sababu taarifa inamfikia ikiwa imechelewa.

Baada ya kila mzunguko uliza swali moja: nini kimebadilika? Wanafunzi wasielezwe kilichonong'onwa, wakigundue. Hakikisha kwamba kila mara jambo moja tu ndilo lililobadilika, kisha waulize wangejuaje chanzo kama mambo mawili yangebadilika kwa pamoja. Kipindi kifuatacho wapeleke kwenye tangi la maji lenye boya, wataje amri ni ipi, kipimo ni kipi na msahihishaji ni yupi. Watoto waliocheza mchezo huu watakuwa wamejifunza jinsi ya kutafuta chanzo cha jambo, na ujuzi huo utawafaa katika cherehani, baiskeli, pampu ya maji na, akipenda Mungu, katika mashine za kompyuta.

Majibu kwa wenye shaka

Pingamizi la kwanza nitakalolisikia ni wingi wa wanafunzi. Darasa la watoto 80, itasemwa, haliruhusu kumwita kila mmoja mezani. Ni kweli, na sisemi jambo hilo ni jepesi. Lakini fundi naye hapimi kila waya. Anachagua jaribio litakaloligawa tatizo. Mwalimu anaweza kuchagua hesabu tatu: moja isiyo na kuchukua kumi, moja yenye kuchukua, na moja yenye sifuri juu. Majibu ya hesabu tatu hizo yataligawa darasa katika mafungu machache, na fungu moja laweza kufundishwa kwa pamoja wakati mengine yakifanya kazi. Kusahihisha hesabu tatu kwa kuzifikiri ni kazi ndogo kuliko kusahihisha ishirini kwa kuweka alama tu.

Pingamizi la pili ni muhtasari. Mwalimu anayesimama kupima, husemwa, hatamaliza mada. Jibu langu ni kwamba mada iliyomalizwa ubaoni bila kuingia kichwani haijamalizwa. Itarudi mwaka unaofuata, ikimngoja mwalimu mwingine, pamoja na makosa yaliyokwisha kuota mizizi.

Pingamizi la tatu ni kwamba watoto wa shule ya msingi ni wadogo mno kufundishwa kutafuta hitilafu. Wanaosema hivyo hawajawatazama watoto wakitengeneza magari ya waya. Gari linalovuta upande mmoja hupinduliwa, magurudumu hutazamwa, waya mmoja hunyooshwa, na gari hujaribiwa tena. Wanapima, wanabadili jambo moja, wanajaribu. Mwaka 1967 waraka wa Elimu ya Kujitegemea uliitaka shule ijenge akili ya kudadisi, na akili hiyo watoto huja nayo wenyewe hadi mlangoni mwa darasa. Wajibu wetu ni kutoiacha nje.

Neno la mwisho kwa wanachuo

Ndugu mwanachuo, utakapokwenda mazoezi ya kufundisha, chukua daftari dogo la pembeni. Kila siku chagua madaftari matano tu ya wanafunzi, na kabla ya kuandika alama nyekundu yoyote, jiulize: kosa hili lina kanuni? Hutokea lini? Nikimpa hesabu moja nyingine, ni ipi itakayonionyesha chanzo? Iandike dhana yako, mpe mtoto hesabu hiyo moja, na uone kama jibu lake ni lile ulilolitabiri. Ikiwa umepatia, utajua la kumfundisha. Ikiwa umekosea, hujapoteza kitu, kwa kuwa umeondoa mshukiwa mmoja katika orodha.

Karakana ikimharibia fundi kiendeshi kwa haraka yake, atanunua kingine. Mtoto wa miaka tisa aliyeaminishwa kwamba hana akili ya hesabu hana kipuri. Kwa hiyo, kabla ya kumwongezea chochote, msogelee kwanza, umtazame anavyofanya, na umsikilize.